Je, umewahi kulipigia simu duka lako?

Najua shamrashamra za Krismasi zimekwisha, mbuzi ameliwa hadi supu, na sasa mfukoni umebaki na nauli na mawazo ya karo. Hata hivyo nipe dakika chache tuzungumze juu ya jambo ambalo huenda hukulikumbuka ulipokuwa ukifunga hesabu za mwaka za duka lako, au la mama yako, au la yule mjomba anayekulipia karo.

Kuhesabu mali mwisho wa mwaka si jambo geni kwetu. Mwenye duka hushusha kila kitu kutoka rafuni, akapangusa vumbi, akatupa kilichooza, kisha akafungua daftari kuona nani anamdai na yeye anamdai nani. Lakini siku hizi biashara nyingi zina mlango wa pili, ule ulio mtandaoni, na huo aghalabu hakuna anayeufagia. Uliwahi kufunguliwa siku moja na kijana fulani wa nyumbani, watu wakapiga makofi, basi. Miaka inapita, mlango uko wazi, na hakuna anayejua ni nani anayesimama pale kuwapokea wateja.

Nasema hivi kwa sababu yalitukuta.

Dada yangu mkubwa ana duka la kushona sare za shule Nunguni, kwenye milima ya Kilungu, kaunti ya Makueni. Kama hujawahi kufika huko, usidhani Ukambani kote ni jua na vumbi kama unavyoona dirishani ukienda Mombasa kwa basi. Ukiiacha barabara kuu pale Salama na kuanza kupanda, hewa hubadilika, ukungu hukupokea, na pembeni unaona kabeji, sukumawiki na miparachichi. Asubuhi za Julai mtu hutafuta koti hata kama ni mzaliwa. Ndiyo maana nakwambia kwamba sweta kule si pambo la sare. Mzazi anaweza kusubiri viatu, lakini sweta hasubiri.

Dada alianza na cherehani moja kwenye veranda ya watu. Leo ana chumba chake, cherehani tatu na mashine ya kufuma sweta. Zamani mashine za kufuma zilikuwa mbili, na kwa nini sasa ni moja nitakueleza. Duka hilo limesomesha watoto wake wote, na ndilo linalonunua dawa za presha za mwaitu, yaani mama yetu, kila mwezi. Sisi ndugu wa Nairobi hutuma kidogo tukikumbuka. Duka halina ruhusa ya kusahau.

Mwaka 2018 mpwa wangu, mwanawe wa kwanza, alikuwa amemaliza kidato cha nne na anangojea kujiunga na chuo. Kijana mwenye simu nzuri na muda mwingi hawezi kukaa kimya. Alimfungulia mamake ukurasa wa Facebook, akaliweka duka kwenye ramani ya Google, na kwa kupitia huko huko Google akatengeneza na kitovuti kidogo cha bure. Anwani yake ikachorwa kwenye kibao cha duka kwa rangi nyekundu. Mimi mwenyewe, mwalimu wa watu, nilikipiga kibao kile picha nikawaonyesha walimu wenzangu. Dada akawa anasema kwa maringo, "Hata Marekani wananiona."

Kisha maisha yakaendelea. Machi 2020 shule zilifungwa kwa ajili ya korona, na duka la sare bila shule ni kama kanisa bila waumini. Dada akafunga mlango, akawa anashona barakoa nyumbani. Mwaka huo huo simu yake ikaibwa katika msongamano wa steji ya Machakos. Kwa kuwa alikuwa na laini nyingine, hakujisumbua kuirudisha ile ya kwanza. Aliwaambia wateja wake namba mpya, na kibao kikachorwa upya. Shule zilipofunguliwa zote Januari 2021, cherehani zikarudi kazini. Mpwa wangu naye akapata kazi ya ulinzi Doha mwaka 2022, wakati Qatar ikijiandaa kwa Kombe la Dunia, akaondoka. Hakuna aliyeukumbuka ukurasa.

Sasa njoo nami hadi Alhamisi tarehe 2 Januari 2025. Shule zinafunguliwa Jumatatu. Duka limejaa wazazi, mimi nimekaa kwenye benchi nikisaidia kufunga vifungo, maana ndiyo kazi ninayoaminiwa. Akaingia mama mmoja na binti yake, wametoka mtaa wa Pipeline, Nairobi, alfajiri. Binti alikuwa anaanza Gredi ya Saba katika shule moja ya bweni ya huko milimani, karibu na kwa nyanyake. Mama akasema kwa furaha, "Mama fundi, nimefuata zile sare nilizolipia."

Dada akapekua daftari. Hakuna. Akapekua tena.

Yule mama akatoa simu yake akaonyesha ujumbe: shilingi 4,200, zilizotumwa Desemba 9. Namba ilikuwa ile iliyopotea Machakos. Jina la mpokeaji lilikuwa la mwanamume ambaye hatukumjua kabisa.

"Niliona ni jina la mwanamume," akasema, "nikadhani ni bwanako au mfanyakazi. Namba niliitoa kwenye ukurasa wako."

Msomaji, kuna kimya kinachoweza kuingia dukani hata kama watu ni kumi na watano. Wazazi wengine wakaanza kutazamana. Nilimwona mmoja akiirudisha pochi yake kwenye kikapu polepole. Yule mama hakupiga kelele, na hilo ndilo lililouma zaidi. Alimwambia tu dada yangu kwamba pesa zile alizipata kwa kufua nguo za watu, na kwamba kama ni hivyo angesema mapema. Neno "mwizi" halikutamkwa, lakini lilikuwa limekaa nasi pale kwenye benchi.

Dada alichukua futi akampima binti. Alikesha usiku ule na fundi wake, sketi mbili za marinda, blauzi mbili na sweta moja, na kesho yake saa nne akazikabidhi bila kudai senti. Kitambaa chake, nyuzi zake, usingizi wake. Nilimwambia angeweza angalau kugawana hasara na yule mama. Akanitazama kama anavyonitazama tangu nikiwa na miaka sita, akaniuliza, "Jina lililoandikwa pale ni la nani?"

Ndipo tukapiga ile namba. Iliita, ikapokewa. Alikuwa kijana wa bodaboda huko Bungoma, na tulikuwa tumejiandaa kumfokea. Lakini hebu sikia. Dada alipojitambulisha tu kwamba ni wa duka la sare Nunguni, kijana akapaza sauti kabla yetu:

"Kumbe ni nyinyi! Mama, mtaiondoa namba yangu huko lini?"

Akatueleza kwamba laini ile aliinunua dukani kama mtu yeyote, na huu ulikuwa mwaka wa tatu akiitumia. Pengine hujui kwamba kampuni za simu hazitupi namba. Laini ikikaa kimya kwa miezi kadhaa hutwaliwa na kuuzwa tena. Basi kila Januari, na tena Mei na Agosti, simu yake huanza kulia saa kumi na mbili asubuhi. Sweta ya bluu ni pesa ngapi? Mnashona blauzi za wasichana wa shule fulani? Mko wazi Jumapili? Mwanzoni alikuwa akiwajibu kwa adabu kwamba wamekosea namba. Baadaye alichoka, akawa anakata. Desemba zilipoingia shilingi 4,200 alidhani kwanza ni makosa, akangoja siku mbili mwenyewe apige simu. Hakuna aliyepiga. Akasema moyoni kwamba hayo ni malipo ya usumbufu, akanunua taili ya nyuma.

Nilicheka. Dada hakucheka. Alimwuliza kwa upole, "Mwanangu, kwa siku walikuwa wakipiga wangapi?"

"Wiki ya kufungua shule? Sita, saba. Siku nyingine kumi."

Nilimwona akihesabu kwa vidole chini ya meza. Januari tatu.

(Hapa nikutoe kando kidogo. Ukituma pesa kwa namba isiyo sahihi, ujumbe ule wa M-Pesa unaweza kuupeleka kwa 456 mara moja ili Safaricom izuie. Lakini ukikaa wiki tatu ukiamini kwamba mambo ni shwari, kama alivyokaa yule mama, huwa taili imekwisha kununuliwa.)

Usiku wa Ijumaa, mwaitu akiwa amelala, tuliwasha jiko la makaa, tukaweka chai, tukaanza kulichungulia duka kama wageni. Nilitumia simu ya fundi ambayo haijawahi kutafuta duka letu, kwa sababu simu yako wewe mwenyewe hukuonyesha mambo uliyoyazoea. Nikaandika: sare za shule Nunguni. Na hapo tukaona yaliyokuwa yakionekana "hata Marekani".

Kwenye ramani, chini ya jina la duka, kwa maandishi mekundu, palisema kwamba biashara ile imefungwa kabisa. Mtu yeyote anaweza kuiarifu Google kwamba mahali fulani pamefungwa, na nadhani mpita njia mwema alifanya hivyo mwaka ule wa korona alipoona kufuli. Kwa hiyo kwa muda wote huo, huku cherehani tatu zikinguruma, ulimwengu ulikuwa ukiambiwa kwamba dada yangu hayuko tena. Ile anwani ya kitovuti iliyo kwenye kibao, tulipoiandika, haikufungua chochote. Google ilizifunga tovuti zile ndogo za bure kuanzia Machi 2024. Kwa muda ilimpeleka mgeni kwenye maelezo ya duka, na ilipofika Juni hata hilo likakoma. Barua ya kuarifu huenda ililetwa, lakini ilikwenda kwenye barua pepe ya kijana aliyeko Doha.

Huyo tulimpigia. Saa za Doha ni sawa na zetu, na alikuwa anatoka zamu. Nilidhani amesahau neno la siri. La hasha, alilikumbuka, na kilichomshangaza ni kwamba sisi tulikuwa hatulijui. "Si mlisema nisimpe mtu?" akauliza. Kweli tulisema. Usiku ule ule akamwongeza mamake awe mwenye mamlaka kamili ya ukurasa, akabadilisha namba, na kule kwenye ramani akaarifu kwamba duka liko wazi. Hilo la ramani lilichukua siku kadhaa kukubaliwa, lakini likakubaliwa.

Ikabaki mifuko ya barua za ukurasa, ambayo haikuwa imefunguliwa tangu aondoke. Nilimsomea dada, moja baada ya nyingine. Nyingi zilikuwa ndogo: bei, saa, vipimo. Kisha nikafika kwenye moja ya Novemba 2022. Mwalimu mkuu wa shule moja ya upande wa Wote alikuwa akiuliza kama anaweza kufumiwa sweta 120 kabla ya Januari, na kama bei ingepunguzwa. Baada ya siku nne aliandika tena. Baada ya wiki aliandika asante, amepata kwingine.

Dada aliniomba nirudie tarehe.

Novemba 2022, kama unakumbuka, Ukambani tulikuwa katika ukame uliokwenda msimu baada ya msimu, na hata milimani mambo yalikuwa magumu. Wazazi walikuwa wakileta sweta kuukuu zishonwe viwiko. Februari iliyofuata mwaitu alilazwa hospitalini, na dada akaiuza ile mashine ya pili ya kufuma ili alipie. Sitajifanya najua kwamba sweta 120 zingeiokoa. Labda mwalimu yule angelipa kwa kuchelewa kama shule nyingi zinavyolipa. Lakini dada alikaa akitazama makaa kwa muda mrefu, kisha akasema, "Zima hiyo simu, tulale."

Asubuhi aliamka akitaka tufute kila kitu. Wateja wake wanamjua kwa uso, akasema, na alishona miaka ishirini bila Facebook. Na mimi, ingawa utashangaa, sikuona kwamba amekosea sana. Sikubaliani na wale wanaohubiri kwamba kila kibanda cha mboga lazima kiwe na tovuti. Tovuti yenye anwani yake ya .ke hulipiwa kila mwaka, na kama huna wa kuitunza, ni mlango mwingine wa kuingizia vumbi. Ukurasa usio na mwenyewe ni afadhali ufungwe. Ila nilimwuliza: yule mama wa Pipeline alikujuaje? Akanyamaza. Tukakubaliana tupunguze badala ya kufuta. Hatukukifufua kitovuti, na kibao kikapakwa rangi juu ya ile anwani. Tulibaki na ramani, ukurasa, na WhatsApp ya biashara iliyo kwenye namba ya dada mwenyewe, ambapo mteja huona picha za sare, bei na saa za kufungua bila kuuliza. Muhimu zaidi, dada alichukua namba ya till ya Lipa na M-Pesa, ili anayelipa aone jina la duka kabla ya kubonyeza, asilazimike kubahatisha kama ni bwana au mfanyakazi.

Jambo moja zaidi, na hili nakwambia wewe mwenye kupenda kupiga picha. Mpwa wangu alikuwa ameweka ukurasani picha za watoto wa wateja wamevaa sare zao, wanatabasamu, wengine majina yamedariziwa kifuani. Zilikuwa nzuri. Lakini tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na picha ya mtoto huhitaji idhini ya mzazi. Septemba 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 na Kamishna wa Data kwa kutangaza picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Dada aliposikia tarakimu zile alizifuta mwenyewe, kwa kidole chake, hadi ya mwisho. Sasa sweta hupigwa picha zikining'inia kwenye kiango.

Na wewe mwanafunzi uliyerudi nyumbani likizo hii, je, ni kurasa ngapi umefungulia watu? Shangazi mwenye saluni, baba mwenye gereji, kinyozi wa pale kona? Kabla hujapanda matatu kurudi chuoni, andika maneno ya siri kwenye karatasi, umpe mwenye biashara aiweke pale anapoweka hati ya shamba. Mwonyeshe anavyofungua, umwache abonyeze mwenyewe hata akikosea mara tano. Kisha chukua kila namba iliyoandikwa popote, kibaoni, ukurasani, kwenye risiti, kwenye kalenda ile ya mwaka juzi, uipigie. Usikie ni nani anayeitikia. Namba ya kulipia nayo itumie shilingi kumi uone jina. Ni kazi ya chai mbili.

Sisi tumeifanya tena mwaka huu, siku ya pili ya Januari, dada akiwa ndiye anayeshika simu na mimi nikiwa wa kutia makaa. Tulikuta saa za sikukuu hazikubadilishwa na barua mbili hazijajibiwa, basi. Mashine ya pili ya kufuma bado haijarudi, ingawa nimemwona akiuliza bei.

Mwisho kabisa akapiga ile namba ya zamani, ya Bungoma. Kijana alikuwa amesharudisha shilingi 1,500 kwa vipande vipande, bila kuulizwa, na hatujui kama zitafika 4,200. Aliitikia mara ya kwanza.

"Mama, siku hizi kumetulia," akasema. "Krismasi nzima hakuna aliyeniuliza sweta." Kisha akasita kidogo. "Lakini nilikuwa nataka kukuuliza mimi. Ya mtoto wa Gredi ya Pili, ya kijani, ni pesa ngapi?"

Dada akavuta daftari, akalamba ncha ya penseli. "Nipe kwanza urefu wa mikono," akamwambia.